Kubana Fedha au Kuzimwaga: Njia Mbili za Marekani
Mfanyabiashara wa Ngamiani, Tanga, anayeagiza vipuri vya pikipiki kwa dola na kuvipangia bei upya kila mzigo unapofika, ana sababu ya kufuatilia namna Marekani inavyotibu uchumi wake unapoyumba. Njia ya kwanza ni ya Paul Volcker, aliyeshika uongozi wa benki kuu ya nchi hiyo mwaka 1979: alibana fedha hadi riba ikakaribia asilimia 20 mwaka 1981, na mfumuko wa bei uliozidi asilimia 13 mwaka 1980 ukashuka hadi takriban asilimia 3 mwaka 1983. Gharama yake ilikuwa kali, kwani ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982, na nchi maskini zenye madeni ya dola ziliumia vibaya. Hilo halifai kufichwa.

Njia ya pili ni kushusha riba karibu na sifuri na kununua hati fungani (hati za madeni) kwa wingi, yaani kumwaga fedha sokoni, kama ilivyofanywa 2008 na tena 2020. Hutuliza hofu haraka. Lakini, pamoja na matumizi makubwa ya serikali na uhaba wa bidhaa, ilichangia mfumuko wa asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, uliokula akiba ya mtu mdogo aliyejinyima kwa miaka. Naichagua ya kwanza, mradi ianze mapema, kabla deni la serikali halijafanya riba ya juu isivumilike.