Mbolea hai ya soya: mwaka wa kwanza nilipigwa, mwaka wa pili ikanijibu

Mi nalima soya huku Songea, ka-eka kamoja tu, nilianza baada ya 2020 China walipokubali soya yetu iingie kwao, maana kila mtu huku akawa anaongelea soya. Hii mbolea hai nimeitumia misimu miwili kwahiyo naandika nilichokiona kwa macho yangu.

Kwa asiyeijua, sio mbolea ya kumwaga shambani. Ni kipaketi cha unga mweusi wenye bakteria wanaoitwa rizobia, unaupaka kwenye mbegu siku ya kupanda, wale wanaingia kwenye mizizi wanatengeneza vinundu na humo ndo wanavuta naitrojeni ya hewani wanaupa mmea. Mama mkwe aliponikuta napaka akacheka sana, eti "baba, mbegu unazipaka masizi?"

Mwaka wa kwanza hamna kitu. Soya ilikuwa ya njano vilevile na nikamwambia kila mtu huu ni utapeli. Bwana shamba alivyopita akaniuliza kipaketi nilikitoa wapi, nikamwambia duka fulani la pembejeo, kilikuwa kimepangwa dirishani jua linakipiga. Akasema basi ulinunua maiti. Wale ni viumbe hai bana, joto linawaua, na mi nikaongezea kosa langu maana nilizipaka mbegu asubuhi nikaziacha juani kwenye turubai zikauke vizuri. Na hapo mbegu zenyewe zilikuwa za dukani zina dawa ya ukungu, zile za rangi, sijui kama wangepona hata wangekuwa hai.

Msimu uliofuata nikataka nimalize ubishi. Nikatafuta mbegu isiyo na dawa, kipaketi cha gramu 100 kwa kilo 10 za mbegu, nikaangalia tarehe ya mwisho, nikakiweka chini pembeni ya mtungi wa maji mpaka mvua ziliposhika. Nikapaka chini ya mwembe, maji kikombe kidogo na sukari ili unga ushike, taratibu usichubue ganda la mbegu, tukapanda palepale na kufukia. Nusu eka nikapaka, nusu nikaacha, na zote mbili nikaweka TSP (mbolea ya dukani ya fosforasi) kwasababu hao bakteria wanaleta naitrojeni tu, fosforasi hawaleti, na hapo ndo wengi wanapokosea wanadhani kipaketi kimoja kinamaliza kila kitu.

Wiki ya sita hivi ilipoanza kutoa maua nikachimba mche na jembe (usiung'oe, vinundu vinabaki ardhini), nikausuuza kwenye ndoo. Mzizi umejaa vinundu kama punje za mtama, nikapasua kimoja kwa kucha, ndani chekundu kama nyama. Ukikuta cheupe au kijani ujue hakifanyi kazi. Upande wa pili vilikuwepo vichache vidogo na ukisimama njiani unaona kabisa mpaka, huku kijani iliyokolea huku njano njano.

Mavuno upande uliopakwa nilipata gunia 3 na debe 5, ule mwingine gunia 2 na debe 4. Gunia moja na debe moja zaidi kwenye nusu eka, kwa kipaketi ambacho bei yake haifiki hata robo ya mfuko wa urea, na urea yenyewe sikununua kabisa. Kuuza ndo kulichosha, kupitia stakabadhi ghalani (unapeleka mzigo ghalani, unauzwa kwa mnada ndo unalipwa) hela ikachelewa mpaka ada ya shule nikakopa, ila hilo sio kosa la bakteria.

Malalamiko yangu ni upatikanaji tu, mijini unakipata ila vijijini wanaleta kwa kubahatisha na muuzaji mwenyewe hajui anachouza. Siku hizi nikiingia dukani sianzi na bei, namuuliza kwanza amekiweka wapi, akininyooshea kidole dirishani natoka.