Seva mpya: mfumo endeshi na kanzidata vichaguliwe pamoja

Wanunuzi wengi wa seva hulinganisha kichakata, kumbukumbu (RAM) na diski kwa makini, kisha wakachagua mfumo endeshi (kama Windows au Linux) na kanzidata, yaani programu inayohifadhi data, kwa mazoea. Ningeanza na hivi viwili vya mwisho, kwa kuwa kumbukumbu huongezwa kwa saa moja, lakini kuhamisha kanzidata inayotumika kila siku ni kazi nzito na ya hatari. Kigezo cha kwanza kiwe tarehe ambayo viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mianya) vitakoma: kati ya tarehe ya mfumo endeshi na ile ya kanzidata, inayotangulia ndiyo umri halisi wa seva yako.

Nafasi ya kwanza naipa Debian 13, mfumo endeshi wa aina ya Linux, pamoja na kanzidata ya PostgreSQL 17. Debian 13 ilitoka Agosti 2025, na itapata viraka kwa takriban miaka 5, yaani miaka 3 ya kawaida na iliyobaki chini ya huduma ya muda mrefu, huku PostgreSQL 17 ikihudumiwa hadi Novemba 2029. Vyote viwili ni bure, na kanzidata hiyo imo tayari katika hazina ya Debian, yaani ghala lake la programu. Anayeendesha tovuti ya WordPress, inayohitaji kanzidata ya MySQL au MariaDB, atakuta humo MariaDB 11.8.

Ipo sababu nyingine ya kutotenganisha uchaguzi wa mfumo endeshi na wa kanzidata, nayo huwashtua hata mafundi wazoefu. Kwa kawaida PostgreSQL hupanga maneno kwa kutegemea glibc, maktaba ya msimbo wa pamoja iliyomo ndani ya mfumo endeshi wa Linux. Toleo la 2.28 la maktaba hiyo, la mwaka 2018, lilibadilisha mpangilio: awali "11" ilitangulia "1-1", baadaye ikaifuata. Faharasa (orodha ambayo kanzidata hutumia kutafuta rekodi haraka) iliyojengwa kwa mpangilio wa zamani, ikisomwa kwenye mfumo mpya, huweza kushindwa kuona rekodi iliyopo, au kuruhusu namba ileile ya mwanachama iingizwe mara mbili. Dawa yake ni kujenga upya faharasa za maandishi kwa amri ya REINDEX kila maktaba inapobadilisha mpangilio. PostgreSQL 17 imeongeza mpangilio wake wa ndani usiotegemea glibc, na kwa ofisi inayotunza kumbukumbu za fedha au za wagonjwa, hilo peke yake linatosha kuiweka mbele ya matoleo yaliyotangulia.

Ya pili ni Ubuntu 24.04, Linux nyingine, inayohudumiwa hadi 2029 na kuja na PostgreSQL 16. Mafundi wanaoifahamu ni wengi, na hilo ni jambo la maana sana pale mtu mmoja anapoacha kazi. Tahadhari ni kwamba MySQL iliyomo ni 8.0, ambayo Oracle, mmiliki wake, iliipangia kikomo cha Aprili 2026. Anayehitaji MySQL achukue 8.4 kutoka hazina ya Oracle yenyewe.

Ya tatu ni AlmaLinux 9 au Rocky Linux 9, zenye viraka hadi Mei 2032, kwa programu zinazodai Linux ya familia ya Red Hat. Usikubali PostgreSQL inayokuja bila kuchagua, kwani ni 13, ambayo waundaji wake waliacha kuihudumia Novemba 2025. Washa moduli (toleo la hiari) ya PostgreSQL 16 kabla ya kusakinisha. Aliyebaki na CentOS 8, mfumo wa familia hiyohiyo, anajua uzito wa tarehe hizi, maana kikomo chake kilirudishwa nyuma kutoka 2029 hadi Desemba 2021.

Windows Server 2025 na SQL Server 2022, kanzidata ya Microsoft, naziweka mwisho, isipokuwa programu yako ya uhasibu haikubali kitu kingine. Leseni ya Windows Server huhesabiwa kwa viini vya kichakata, visivyopungua 16 kwa seva, na juu yake kuna leseni za watumiaji. SQL Server 2022 Express ni ya bure, lakini kila kanzidata huishia GB 10, kwa hiyo pima ukubwa wa data uliyo nayo sasa na kasi inavyokua kabla ya kulipa chochote.