Tahadhari kuhusu muuzaji wa bastola za baruti nyeusi «zisizowahi kupigwa»

Ninawatahadharisha wote wanaotafuta nakala za bastola za silinda za karne ya 19, hasa zinazofuata muundo wa Colt ya 1851 na Remington ya 1858, kwamba yuko muuzaji binafsi anayeziuza kwa madai kwamba hazijawahi kupigwa, yaani kufyatuliwa, tangu zitoke kiwandani. Mimi nilinunua moja kwake, na mwenzangu katika ulengaji shabaha akanunua nyingine. Jina lake silitaji, kwa kuwa majina huyabadilisha mara kwa mara. Mbinu ndiyo asiyoibadilisha.

Bastola yangu, yenye fremu ya shaba ya manjano, ilifika iking'aa na kunukia mafuta mapya. Nilipotoa kabari inayoshikilia mtutu, nikavuta mtutu na kuchomoa silinda, niliona kwenye ukuta wa fremu, pale silinda inapoegemea kwa nyuma, duara la alama za meno yake lililodidimia ndani ya shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, hivyo mtu akizoea kushindilia baruti nyingi, kila mlio huisukuma silinda nyuma hadi meno yake yajichore, na mhimili uliofungwa kwenye fremu, ambao silinda huuzunguka, huanza kulegea. Wangu ulikuwa ukicheza kwa kuutikisa kwa vidole tu. Muuzaji alinijibu kwamba hizo ni alama za majaribio ya kiwandani. Ni kweli kwamba bastola hizi hupigwa kwenye kituo cha ukaguzi kabla ya kuuzwa, kwa hiyo maneno «haijawahi kupigwa» hayawezi kuchukuliwa neno kwa neno. Lakini milio michache ya ukaguzi haiachi shimo la namna ile.

Kutu nayo ilikuwa imefichwa kwa ustadi. Masalio ya baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, hunyonya unyevu, na bastola isiyooshwa mapema kwa maji ya moto na sabuni, kisha ikakaushwa na kupakwa mafuta, huliwa kuanzia ndani. Huyu bwana alikuwa amepaka upya rangi ya bluu ya kukinga chuma juu ya vishimo vya kutu na kujaza grisi nzito katika vyumba vya silinda, kiasi kwamba picha zake hazikuonyesha lolote. Chuchu mbili kati ya sita, zile zinazovishwa fataki, zilikuwa zimeshikwa na kutu hata hazifunguki.

Ya mwenzangu ilitangazwa kuwa «nakala kamili ya Colt Navy ya 1851», nayo ilikuwa ya kaliba (kipenyo cha tundu la mtutu kwa inchi) .44 yenye fremu ya shaba, ilhali Navy ya asili ilikuwa ya kaliba .36 na fremu yake haikuwa ya shaba. Hilo ningeweza kulisamehe, maana viwanda vyenyewe huuza mchanganyiko huo. Lililonitia shaka ni mihuri. Bastola zinazokaguliwa Gardone Val Trompia, nchini Italia, hupigwa muhuri wa herufi PN za baruti nyeusi na alama ya mwaka ndani ya kisanduku, ambapo AA ni 1975, na miaka ya kabla ya hapo huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Kwenye hii, kisanduku kilikuwa kimesuguliwa kwa tupa. Anayefuta mwaka anaficha umri, au anaandaa nakala iuzwe siku moja kama kitu cha kale.

Baya kuliko yote, alimwambia mwenzangu kwamba anaweza kutumia «kidogo tu» cha baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Asithubutu mtu. Shinikizo lake laweza kupasua silinda mkononi mwa mpigaji.

Kabla ya kulipa, dai picha za silinda ikiwa imetolewa, za ukuta wa fremu nyuma yake, za chuchu zikiwa zimefunguliwa, na za mihuri kwa karibu. Sisi tulipoziomba alisema kufungua bastola kunaipunguzia thamani, nasi, kwa aibu yetu, tukakubali.

Mwenzangu alirudisha ya kwake na kulipwa nusu ya fedha zake. Wiki hii ameiona ikitangazwa tena, ikiwa na mkwaruzo uleule upande wa kushoto wa mpini wa mbao, na maelezo ni yaleyale: haijawahi kupigwa.