TAHADHARI: Oili feki ya mashine za boti, chupa nyeupe kifuniko cha buluu, inazunguka Lamu

Wenye boti wa Lamu, Shela, Matondoni na Kipungani mpaka Faza na Kizingitini, someni hii kabla hamjachanganya petroli ya kesho. Kuna mtu anatembeza oili ya tustroki, chupa za lita moja, 12 kwenye katoni. Kilichomo si oili ya mashine ya baharini.

Mashine imeshika Jumamosi, yaani pistoni imekwama ndani ya silinda. Ya nani mwaijua, na ilikuwa imebeba nini mwajua pia, sitarudia. Waliokuwemo walivutwa mpaka gatini, wazima, alhamdulillahi. Ninaloandika ni vipi nimeuziwa taka mimi, mimi ambaye kila baraza nikikaa nawakemea watu kwa kutia oili ya pikipiki kwenye mashine ya boti. Chekeni. Mkimaliza endeleeni kusoma.

Alikuja Jumatatu baada ya alasiri kwa boti ya Mokowe, katoni mbili ziko begani kwa mchukuzi. Akatoa salamu kamili, akakataa chai, amefunga sunna. Hakuanza na bei. Alianza na swali: "Fundi, Enduro 40 zenu mwachanganya 50 kwa 1, ama bado kuna wanaofuata 100 kwa 1 ya zamani?" Jamani, swali hilo haliulizwi na mchuuzi wa mitaani. Enduro 40 ni zile mashine za boti za Yamaha. Nikamjibu 50 kwa 1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja, mililita 400 kwa dumu la lita 20, na 25 kwa 1, yaani mililita 800, mashine ikiwa mpya au imetoka kufunguliwa, kwa saa 10 za mwanzo. Akatikisa kichwa taratibu kama maalim aliyesikilizishwa juzuu bila kosa. Hapo ndipo nilipokwisha.

Akaomba petroli nusu lita. Akatoa chupa tupu ya maji, ile ya plastiki ing'aayo, na bomba la sindano la mililita 10. Mtu anayetembea na bomba la sindano mfukoni! Nusu lita kwa mililita 10 ni 50 kwa 1 barabara, hakuna kukisia kwa kifuniko. Akafungua chupa ya oili mbele yangu, nikasikia ile karatasi ya fedha chini ya kifuniko ikipasuka, akavuta mpaka mstari wa 10, akaimimina polepole. Buluu ikashuka ndani ya petroli kama uzi wa moshi na ikatawanyika kabla haijafika chini. Akainamisha chupa mara mbili tu, rangi ikawa moja juu na chini. Akadondosha tone la oili juu ya shashi nyeupe: likasambaa safi, halina kiini cheusi. Nikainusa. Nikaisugua baina ya gumba na shahada. Kila jaribio ninalolijua mimi alilifanya yeye, kabla sijamwomba.

Na maneno yake yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linaloniuma. Alisema TC-W3, kile kiwango cha oili ya tustroki ya mashine za boti, ni oili isiyoacha majivu, na ni hivyo. Mashine hizi hazina tangi la oili chini kama gari. Oili huingia pamoja na petroli kupitia kabureta, hulainisha beringi za kranki, konrodi na pistoni, kisha huungua na kutoka na moshi. Oili ya gari au ya pikipiki ya forstroki ina dawa za madini ndani yake, na zikiungua huacha jivu. Jivu hilo hujenga daraja kwenye ncha za plagi, cheche ikapotea, au hubaki juu ya pistoni likiwa kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, mpaka pistoni itoboke. Alitaja hata kutu: kwamba TC-W3 hupimwa kwa kutu pia, na ndiyo maana kranki ya mashine iliyolala msimu mzima wa kusi haioti madoa. Sawa kabisa. Ningebishana na nini?

Bei alisema 650. Dukani hununua 900. Angesema 300 ningemfukuza na katoni zake. 650 ni bei ya mtu aliyechukua mzigo mwingi Mombasa, ndivyo alivyosema, na ndivyo nilivyoona. Nikachukua katoni moja, 7,800 kwa M-Pesa, na nikamshukuru. NIKAMSHUKURU.

Chupa nne ziliingia kwenye madumu kumi. Siku ya kwanza moshi mwingi kwenye kuwasha, plagi zikatoka nyeusi na mbichi, nikazisugua nikalaumu kabureta. Baadaye mashine ikasafika, moshi ukakoma, kasi ikapanda, nikasema haya, sasa imekubali. Ile ndiyo ilikuwa inakufa. Oili nzito ikimiminwa kwenye dumu huzama, na bila kutikiswa kwa nguvu hukaa chini palepale, tofauti na TC-W3 ambayo tayari ina kiyeyusho cha kuisaidia kuchanganyika. Sisi tumezoea oili nzuri, tunainamisha dumu mara mbili basi. Tangi la boti hufyonzwa kutoka chini. Kwa hiyo mashine hunywa kwanza oili tupu, ndio huo moshi na plagi mbichi, halafu inabaki petroli karibu kavu, na petroli kavu kwa kasi kubwa katikati ya mkondo haina huruma.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji: silinda ya juu 120, ya chini 85. Silinda mbili za mashine moja zikipishana zaidi ya sehemu moja kwa kumi, kuna shida. Hapa hata hesabu haikuhitajika. Nilipotoa kichwa, silinda ya chini ilikuwa imekwaruzwa upande wa ekzosi, mistari ya wima unayoisikia kwa ukucha. Upande huo mara nyingi huwa wa kwanza kwa sababu ndio wenye joto zaidi. Ringi ya juu imeganda ndani ya mfereji wake, haichezi hata ukiisukuma kwa bisibisi. Aluminiamu ya ubavu wa pistoni imepakwa ukutani mwa silinda kama siagi.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia habari ya "mwachieni Mungu". Mungu ataamua lake, na sisi tuamue letu. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya 2008 inasema kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya mzigo, au vyote viwili. Pigeni hesabu kwa katoni yangu: 12 mara 900 mara 3, shilingi 32,400. Kwa silinda, pistoni, ringi, gasketi na siku ambazo boti imelala, hiyo ni sadaka. Kwangu mimi angetiwa kwenye boti yenye dumu moja la mchanganyiko wake mwenyewe, bila kasia, atolewe nje ya Ras Kitau mwezi wa saba kusi likivuma, tuone atamfanyia nani jaribio la bomba la sindano. Na wale wanaompokea na kumlaza wajijue.

Dalili, maana najua mtauliza. Chupa aliyoifungua kwa jaribio ilitoka kwenye begi lake, haikutoka katonini. Nilikuwa nimekaa pale pale na sikuliona. Hilo peke yake linatosha: jaribio lolote, chupa uchague wewe kutoka chini kabisa ya katoni, ufungue wewe, na petroli umimine wewe. Usitikise kwanza, tazama tu. Hizi zangu zikimiminwa hukaa chini kama kamasi ya buluu. Kwenye shashi zina kiini cheusi na duara la mafuta kukizunguka, na zinanuka moto, kwa hivyo kwa kukadiria kwangu ni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari, ikachujwa na kutiwa rangi. Rangi si ushahidi wa kitu, wengine huuza ya kijani na ni halali.

Karatasi ya fedha chini ya kifuniko ina mikunjo midogo ukingoni, kama iliyopigwa pasi. Lebo ya mbele imeandikwa TC-W3, ya nyuma inataja pikipiki na misumeno, na hakuna namba ya RL. Oili iliyosajiliwa na NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya baharini cha Marekani, huwa na namba inayoanza na RL. Maneno "inafaa TC-W3" bila namba ni dai la mwenye chupa tu. Wino wa tarehe ulifutika kwa kidole chenye petroli, lakini msihukumu kwa hilo, hata wa halali waweza kufutika. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ikiwa na namba ya kibali, tuma SM# na namba hiyo kwenda 20023 kabla ya kulipa. Na jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Nililiona. Nikasema labda ni la mkewe.

Anauza pia oili ya giaboksi, sijaifungua na sitaifungua. Ambaye ameshaitia: fungua skrubu zote mbili, imwage, utie 90 ya kuaminika kuanzia tundu la chini mpaka itoke la juu. Ikitoka nyeupe kama tui, sili imepitisha maji, na hiyo ni kazi nyingine.

Aliyekwisha kuchanganya ile ya tustroki na petroli asijaribu kuongeza oili nzuri juu yake. Mwaga dumu, mwaga tangi, suuza yote kwa petroli kidogo, fungua skrubu ya chini ya kabureta kila moja itoe ilichonacho, weka plagi mpya. Anza na 25 kwa 1 ya oili halali, tangi moja, usifungue kasi zaidi ya nusu, halafu pima kompresheni kabla ya kuvuka popote. Ikiwa kamba ya kuwashia imekuwa nzito au inakwaruza, usiilazimishe. Ilete.

Na msizimwage chupa zilizobaki, wala baharini wala kwenye mtaro. Kwangu ziko nane rafuni zimefungwa vilevile. Polisi wameniambia chupa nane za mtu mmoja ni ugomvi wa biashara. Kila mwenye nazo azilete na ujumbe wake wa M-Pesa, Alhamisi baada ya alasiri, twende na katoni nzima.