Kuchaji gari kwenye shoorumu moja hapa Tabora, nyota tatu

Jamani wenye Nissan Leaf, yale magari ya umeme ya Japani, mjini hapa, chaja ipo na inafanya kazi, vijana wana heshima, kivuli cha mwembe kipo, ila bei yao ndo inanichefua. Wanatoza kwa saa, buku tatu, sio kwa uniti! Sasa Leaf yangu ya zamani inavuta kama kilowati 3 tu, maana yake saa nzima napata uniti 3, ambazo kwa LUKU ya shilingi 356 kwa uniti hazifiki hata 1,100, halafu anakuja mwenye gari linalovuta kilowati 6 analipa hiyo hiyo buku tatu anaondoka na mara mbili yangu, haki iko wapi hapo?

Na kama hukununua gari kwao unasubiri wateja wao wamalize kwanza, hata kama ulitangulia. Sawa, geti ni lao. Ila Jumapili wanafunga kabisa, na mtu wa kwenda Nzega ndo siku yake hiyo.

Mi nachaji nyumbani Ipuli usiku, kwao naenda umeme ukikatika tu maana wana jenereta.