Uzoefu wangu: nilivyoiacha .40 nikachukua .357 Magnum

Kwenye sefu yangu kulikuwa na bastola mbili: ya .22 LR ya mazoezi, na ya 9mm niliyonunua 2017. Mwaka jana nikaanza kutamani ya tatu, na nilitaka kaliba (kipimo cha risasi) nyingine kabisa. Naishi Texas, nje kidogo ya Houston, na huku vishawishi vimejaa ukuta mzima wa duka. Nawaandikia wenzangu wa ughaibuni ambao wikendi mko kwenye shabaha kama mimi, na mnajiuliza kama kaliba ya ziada ina faida au ni kumaliza pesa tu.

Nilichokijua mapema ni kwamba bastola unailipia mara moja, lakini kaliba mpya inadai kila mwezi. Inataka risasi zake, nafasi yake kwenye rafu, na saa zako za mazoezi ambazo utazitoa kwenye ile uliyokwisha kuizoea. Kwa hiyo sikununua kwanza. Nilikodi tatu kwenye uwanja wa shabaha, kwa Jumamosi tatu.

Nilianza na .40 S&W, na sababu ilikuwa bei. Kaliba hii ilitoka 1990. Miaka minne kabla yake, maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa kwenye mapambano ya risasi Miami, na shirika likaanza kutafuta kitu chenye nguvu zaidi. Wakaenda kwenye kaliba ya 10mm, wengi ikawashinda mkononi, ndipo Smith & Wesson wakishirikiana na Winchester wakafupisha ganda lake. Polisi wa Marekani waliipokea kwa wingi. Baadaye FBI wenyewe wakarudi kwenye 9mm, idara nyingi zikawafuata, na leo Glock 22, bastola za .40 zilizotoka mikononi mwa polisi, zinauzwa rahisi. Niliipenda bei. Mkononi ilinirukia kwa ghafla kuliko 9mm, lakini hilo ningelizoea. Kilichonitoa kabisa ni hofu ya kuchanganya. Risasi ya 9mm inaweza kuingia kwenye chemba (tundu inamokaa risasi) ya .40 ikafyatuka, na ganda likapasuka humo ndani. Mimi huwapakilia magazini wageni na ndugu wanaokuja kujifunza, kelele zimejaa, maboksi yako wazi mezani. Kuweka hizo mbili pamoja nyumbani kwangu ni kutafuta balaa.

Ya pili, .45 ACP, kwenye bastola ya muundo wa M1911. Risasi ya gramu 15, inakwenda pole, inakusukuma badala ya kukupiga. Tamu kweli. Lakini boksi la risasi 50 lilinigharimu karibu maradufu ya 9mm, na kazi niliyotaka kuifanya ni ileile ninayoifanya na 9mm. Nikaiacha bila ugomvi.

Jumamosi ya tatu nikachukua revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya .357 Magnum yenye mtutu wa inchi nne, nikafuatana na mke wangu. Hapa ndipo nilipopata jibu.

Majina yanawachanganya wengi, basi nieleze. Risasi ya .38 Special na ya .357 Magnum zina kipenyo kimoja, inchi 0.357. Magnum, iliyotolewa 1935, ni ganda la .38 lililorefushwa kwa milimita tatu na kidogo, makusudi, ili isiingie kwenye revolva za zamani zisizohimili nguvu zake. Kwa hiyo revolva ya .357 inakula zote mbili, na ya .38 hairuhusiwi kamwe kulishwa Magnum. Umenunua bastola moja, umepata kaliba mbili. Tena ganda refu lenye ukingo chini halifanani hata kidogo na la 9mm. Mtoto mdogo angezitenga.

Mke wangu ana maumivu ya vidole. Kukoki ile 9mm yangu humtesa, na kwa miaka yote alikuwa akinisindikiza tu. Kwenye revolva hakuna cha kukoki kwa nguvu: unafungua silinda, unatia risasi sita, unafunga. Kufyatua moja kwa moja ni kuzito, lakini ukivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, kifyatulio kinakuwa laini. Nilimpa .38. Bastola ya zaidi ya kilo moja inaumeza mshtuko wa ile risasi ya taratibu, haitikisiki sana. Akapiga sita, akaitua mezani, akaniambia, "Mume wangu, hii tunaichukua."

Magnum ni habari nyingine. Risasi yenye uzito uleule wa .38 inatoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 350 kwa sekunde, na kwenye ukumbi wa kuta za zege mlio unauhisi kifuani. Vaeni vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Na jambo lililokaribia kuniumiza: kwenye 9mm nimezoea kunyoosha vidole gumba kuelekea mbele. Kwenye revolva, kati ya silinda na mtutu pana pengo, na humo hutoka gesi ya moto inayoweza kukuchoma kidole vibaya. Msimamizi wa uwanja alinishika mkono kabla sijafyatua ya kwanza. Namshukuru hadi leo.

Kasoro ipo pia. Ukipiga .38 nyingi, huacha pete ya masizi ndani ya matundu ya silinda, na Magnum iliyo ndefu zaidi ikija inakwama njiani. Sugua kwa brashi ya shaba kila unaporudi nyumbani. Na risasi sita ni sita. Mwenye kutaka 15 abaki na 9mm yake.

Ununuzi wenyewe ulikwenda haraka: fomu 4473 ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha, kitambulisho, dukani wakanikagua kupitia NICS, mfumo wa kuchunguza rekodi za wanunuzi. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi, na kosa hilo ni la shirikisho, tafadhali msijaribu. Na mnaosafiri kwenda Mombasa au Dar, begi la shabaha lisiwe begi la safari. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni inatosha kukuweka ndani.

Sasa ni mwezi wa nane tangu niinunue. Rafuni kuna maboksi kumi ya .38 na mawili ya Magnum, moja bado sijalifungua. Jumamosi asubuhi mke wangu ndiye anayeniamsha.