Ba Zheng San kwa UTI: yaliyonikuta Guangzhou

UTI ilinishika nikiwa mwanafunzi Guangzhou, wiki ya mitihani. Mkojo ukichoma, chooni kila nusu saa, na yanatoka matone tu. Rafiki yangu Mchina wa bwenini akanipeleka duka la mitishamba ambalo mama yake hununua. Mzee wa pale alinishika mapigo ya moyo mikono yote miwili kwa vidole vitatu, akatazama ulimi, akasema ni joto na unyevu vimeshukia kibofuni. Mkojo hakuupima.

Aliniandikia Ba Zheng San, mchanganyiko wa mitishamba unaotumika tangu enzi ya Song, ukoo wa kifalme uliotawala China zamani: che qian zi, qu mai, da huang, mutong na vinginevyo. Walinichemshia wenyewe wakanifungia kwenye vifuko vya plastiki, viwili kwa siku kwa siku tano. Unakipasha kifuko kwenye maji moto, unakunywa. Uchungu wake, afadhali mwarobaini. Na da huang inaendesha tumbo, kwa hiyo usinywe ukiwa na safari.

Siku ya pili mchomo ulipungua, nikakojoa kwa raha. Hilo silikatai, ingawa nilikuwa nakunywa maji mengi pia. Usiku wa siku ya nne nikapandwa na homa, natetemeka, ubavu wa kulia kwa nyuma unauma hata kuguswa. Hospitali waliupima mkojo, una usaha. Walipouotesha maabara wakakuta bakteria wa E. coli. Maambukizi yalishafika kwenye figo wakati mimi nahesabu vifuko. Nilitundikiwa dripu ya antibayotiki, kisha vidonge hadi dozi ikaisha.

Daktari aliponiuliza nimekunywa nini, neno lililomshtua ni mutong. Akauliza: mutong ipi? Nikakosa jibu. Kumbe ipo iitwayo guan mutong, yenye asidi ya aristolokia inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. China yenyewe iliipiga marufuku mwaka 2003, baada ya wanawake wa Ubelgiji kuharibikiwa figo miaka ya 1990 kwa dawa za kupunguza unene zenye asidi hiyohiyo.

Nilipopona nikamrudia yule mzee. Alinivutia droo nisome lebo: chuan mutong, ile isiyo na sumu hiyo. Nilishukuru Mungu. Dada zangu, pimeni mkojo kwanza, na msipokee kifuko kisichoandikwa kilichomo; ukiona homa au maumivu ya ubavuni, nenda hospitali usiku huohuo. Vifuko viwili vilivyobaki nilivimwaga.